Paja la Kulia la Baba Mkwe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute hapo Tukuyu umeshamaliza palizi, na goti lako limetulia. Huku Mwanza jua linachoma mawe mpaka jioni, baridi ya nyumbani nimeshaisahau. Neema ameingia darasa la tatu na anajiona mkubwa. Baba yake bado yuko kiwandani Nyakato, na mimi naendelea na cherehani yangu karibu na soko. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana simu yako huwa unaiweka spika nyumba nzima isikie, na hili jambo nisingeweza kulisema mbele ya mjomba.

Mama, nimesimama mbele ya watu watatu wazito nikaeleza habari za paja la baba mkwe. Usiikunje barua kwanza, soma mpaka mwisho.

Unamkumbuka Mzee Masanja siku ya harusi yangu, alivyosimama wima saa tatu nzima wakati wazee wenzake wanagombania viti. Wewe mwenyewe ulisema huyu ni askari kweli. Kumbe mwaka mmoja kabla ya hapo gari la mizigo walilopanda wakiwa kazini lilikuwa limepinduka, akalazwa siku tisa kwenye zahanati ya kambi kwa ajili ya nyonga ya kulia. Alirudi kazini, akaja kustaafu miaka mitatu baada ya harusi, akaenda kulima na kufuga kule Magu. Sasa nyonga imemshinda, hata kuinama kufunga kamba za viatu hawezi. Daktari amesema lazima apasuliwe. Akitambuliwa kuwa aliumia kazini, matibabu hayo ni haki yake. Asipotambuliwa, sisi wanawe hatuna pa kuyatoa, na mguu utakufa tunauona.

Aliomba mara ya kwanza akakataliwa. Barua ilisema ni kweli aliumia, ila alipona, na maumivu ya sasa ni ya uzee na jembe. Mzee aliisoma, akaikunja. Kilichomuuma si matibabu. Aliona ameitwa mwongo.

Ubaya ni kwamba sababu walikuwa nayo. Kila mwaka baada ya ile ajali daktari wa kambi alimuuliza hali yake, na kila mwaka jaladani imeandikwa amejibu mzima. Mama mkwe alipomuuliza kwa nini alijibu hivyo, mzee alimshangaa. Daktari aliyemuuliza alikuwa amemzidi cheo, sasa mama alitaka ajibu nini? Kwake yeye, kumwambia mkubwa kwamba unaumwa ni kuomba upunguziwe kazi.

Tukakata rufaa. Siku ya kusikilizwa Baba Neema alinyimwa ruhusa kiwandani, ikabidi nimsindikize mimi. Ofisi iko mjini, ghorofa ya tatu. Mzee alipanda ngazi ameng'ang'ania chuma, mimi nyuma yake, na kumshika mkono siwezi kwa sababu ni mkwe wangu. Nilikuwa natembea naomba Mungu tu.

Ndani walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama mmoja mwanasheria mwenye miwani; daktari; na askari mstaafu mwenye mvi. Yule mama alinifurahisha tangu mwanzo. Alitueleza taratibu, bila maneno ya kutisha, kwamba wao si wale walioamua mara ya kwanza, na wanalisoma jalada upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuliamua. Alisema wanatafuta majibu ya maswali matatu. Je, aliumia kazini? Je, leo ana ulemavu? Na je, ulemavu huu wa leo umetokana na ajali ya siku ile? Akasema pia kwamba mizani ikibaki katikati, wao huegemea upande wa askari.

Akamkaribisha mzee kiti. Mzee akakataa, akasimama wima, mikono ubavuni. Mama mwenyekiti akamuuliza hali yake.

"Mzima, afande."

Mama, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tumetoka nyumbani kwetu Igogo asubuhi yote ile, halafu anajimaliza mwenyewe kwa maneno mawili. Mwenyekiti alimtazama jasho linavyomtiririka usoni, akafunua jalada, akahesabu kwa kidole.

"Humu ameandikwa mzima mara nne," alisema. "Leo ni ya tano, na mguu unamtetemeka. Daktari, mzee huyu usimuulize. Mpime."

Daktari akatafuta cha kupimia, hana. Nikaona wote wananitazama mimi. Kumbe asubuhi nilipopitia kazini nilitoka na tepu yangu shingoni, nimepita nayo mji mzima. Nikaivua nikampa. Wakaingia chumba cha pili, na waliporudi daktari akasema paja la kulia limepungua inchi mbili na nusu kuliko la kushoto. Alieleza kwamba mguu unaokwepeshwa uzito kwa muda mrefu hupungua nyama.

Yule mstaafu akauliza swali la haki kabisa. Tutajuaje kama lilianza kupungua akiwa jeshini, au kule shambani?

Mzee anatazama ukuta. Na mimi jibu ninalo ndani ya mkoba, mama, nimelibeba miaka yote bila kujua kuwa ni ushahidi. Daftari langu la vipimo.

Nikainamisha kichwa, nikaomba ruhusa ya kusema. Nilieleza kwamba mkwe hampimi baba mkwe, hivyo suruali zake nazishona kwa nyuzi. Mama mkwe humpima kwa uzi nyumbani, anafunga fundo palipoishia kipimo, ananitumia. Mwaka ule baada ya harusi, mzee akiwa bado jeshini, nyuzi mbili za mapaja zilikuja hazilingani. Nikadhani mama mkwe amekosea, nikakata miguu yote sawa. Suruali ikarudi na ujumbe mfupi kwamba nifuate nyuzi. Tangu siku hiyo nimeandika mapaja yake kila moja peke yake, na kwa kila suruali paja la kulia linapungua kidogo. Neno paja nililisema chinichini, nikalirudia, maana mwenyekiti aliniomba niongeze sauti.

Alilichukua daftari akalipitia taratibu. Mstaafu akasema daftari linaweza kuwa limeandikwa jana. Mama yule akamwonyesha ukurasa wenyewe: juu ya jina la mzee kuna sare za kwaya, chini yake gauni la ubarikio la mtoto wa jirani, tarehe zinafuatana, wino umefifia sawasawa. Mstaafu akavaa miwani, akasoma, akatikisa kichwa kukubali.

Tulisubiri nje kwenye benchi. Walipotuita, mwenyekiti alisoma uamuzi pamoja na sababu zake, moja baada ya nyingine, hata mtu asiyesoma angeelewa. Ajali imo jaladani. Ulemavu umepimwa leo. Na daftari la fundi limeunganisha ile na huu. Rufaa imekubaliwa. Kisha akasema neno ambalo halikuwa kwenye karatasi, kwamba katika mara zote tano mzee hakusema uongo, alijibu kama alivyofundishwa, na kosa ni la waliouliza wakaishia hapo. Mzee akapiga saluti. Nililia, mama, wala sikujificha.

Kwenye ngazi, bila kunitazama, aliniambia, "Mwanangu, ile suruali ya kwanza ilinipwaya sana. Sikupenda kukusumbua."

Juzi nikampigia simu kumjulisha siku ya kulazwa. Nikamwamkia, nikamuuliza hali, nikingoja neno lake lile lile.

"Marahaba. Mguu unauma, mwanangu. Unauma sana."

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kusikia mtu anaumwa.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, shangazi wa kwaya, na mdogo wangu, mwambie shati lake liko tayari. Mama, barua zako zote ninazo, na zote zinaanza kwa kusema wewe ni mzima. Safari hii usinijibu hivyo. Chukua uzi, pima goti lako la kushoto, pima na la kulia, funga mafundo, unitumie ndani ya bahasha.

Mimi binti yako, fundi,
Tumaini