Goti la Sidi

Mwabungo, 4 Machi 1998

Mjukuu wangu Fauzia,

Assalaam aleikum. U hali gani na hiyo baridi ya Nairobi? Sisi wazima, alhamdulillahi. Nakanda magoti ya watu, yangu ndiyo yanayonikaidi.

Nina swali. Sidi, binti wa jirani yetu Kahindi, amevimba juu ya goti. Nimemkanda mara sita kwa mafuta ya nazi. Uvimbe wa wengine hushuka, wake unazidi, na unamuuma hata akilala. Nikibonyeza, si nyama iliyovimba, ni mfupa. Wewe unayeshinda na hadubini huko maabara, niambie: mfupa unakuaje peke yake?

Bibi yako,
Mwanarusi

Nairobi, 11 Machi 1998

Bibi, shikamoo. Sijambo, baridi nimeizoea.

Tafadhali usimkande tena. Apelekwe hospitali ya Msambweni akapigwe picha upesi. Nahofia ni saratani.

Ndani ya mfupa kuna chembe hai zinazojenga na nyingine zinazobomoa, na zote hungoja amri. Katika saratani hii, amri ya "basi, imetosha" imeharibika, kwa hiyo ujenzi haukomi. Chembe nyingine huingia kwenye damu zikahamia mapafuni. Tunashuku kwamba kukanda huzisaidia kutoka.

Mjukuu wako,
Fauzia

Mwabungo, 2 Aprili 1998

Fauzia, salamu. Picha imesema kama ulivyosema. Sidi yuko Mombasa, mguu utakatwa.

Nataka kujua hizo chembe hujuaje njia ya mapafuni. Lakini kwanza nijibu hili, wala usinionee huruma: ni mikono yangu iliyozituma?

Bibi yako

Nairobi, 9 Aprili 1998

Bibi, shikamoo. Sijui. Ningekuwa na jibu ningekupa, hata likiwa chungu.

Njia hazijui, damu yote hupita mapafuni. Kwa nini nyingi hufa huko na chache humea, ndicho tunachokitafuta. Ila aliyegundua kwamba ni mfupa, si nyama, ni wewe. Nakupenda, Bibi.

Mjukuu wako

Mwabungo, 17 Januari 1999

Mjukuu wangu,

Niwie radhi kwa kimya changu. Tangu Aprili sikumkanda mtu, mafuta yakachacha chupani. Nilikuwa naiogopa mikono yangu mwenyewe.

Jana Sidi alikuja na magongo yake, mabega yanamuuma kwa kuyaegemea. "Bibi, nikande." Nikakataa. Akatoa picha ya kifua aliyopigwa wiki iliyopita; daktari amesema mapafu hayana kitu. Nikaishika mlangoni penye mwanga, nikaitazama mpaka akachoka kusimama.

Hiyo amri ya "imetosha", mkiipata, niandikie siku hiyo hiyo.

Nilimwambia Sidi akae, nikapasha mafuta mapya.

Bibi yako,
Mwanarusi