Maziwa ya Mama Masanja

Machimboni, Geita. Jumanne, Julai 1983

Hata kucheka siwezi. Pembe za mdomo zimepasuka tena, na chai ya asubuhi imeniwasha kama pilipili.

Mganga wa zahanati ameutazama ulimi wangu, akauliza ninakula nini. Ugali na dagaa, nikamwambia, na juzi nimemaliza vidonge vya kuhara.

"Umepungukiwa vitamini," akasema. "Tumboni mna bakteria wazuri wanaotengeneza baadhi ya vitamini. Dawa ile huua wabaya na wazuri pamoja. Kunywa maziwa mgando. Bakteria wake nao huongeza vitamini."

Nikanunua kikombe kwa mama mmoja njiani. Mazito, yana harufu ya moshi wa kibuyu. Nikamwona mke wangu, Mama Masanja, kule Tinde, akitikisa kibuyu mlangoni na mtoto mgongoni.

"Baba, mbona unalia?" muuzaji akauliza.

"Vidonda, mama."

Mwaka mzima nimekaa huku nikiogopa kurudi mikono mitupu. Masanja atakuwa anatembea sasa, nami sijui hata...

Kesho napanda lori. Nitafika bila dhahabu, mdomo umejaa vidonda, nimwombe mke wangu maziwa.