Nakuja Sasa Hivi: Mwaka wa Kwanza Bila Mwalimu wa Mabomba

Umetimia mwaka, Mwalimu, tangu ulipotutoka bila kuaga. Halikumshangaza mtu hapa nyumbani, kwa kuwa hata ulipokuwa hai hukuwa na desturi ya kuaga.

Tunakuita Mwalimu kwa sababu ndivyo ulivyotaka. Mkeo alikuita Mwalimu, wanao walikuita Mwalimu, na mama yako mzazi, aliyekubeba mgongoni na kukufuta makamasi, naye akazoea. Ni yeye tu aliyethubutu kukuita "mwanangu", tena akiwa na shida.

Ulifundisha ufundi wa mabomba chuoni, na kazi uliijua. Ulipoona wanafunzi wanakosa vitabu kwa sababu vya dukani havishikiki kwa bei, ulikaa ukaandika cha kwako, kuanzia kukata bomba hadi kuunganisha tangi, michoro yote kwa mkono wako. Kisha ukakiweka mtandaoni kwa leseni huria: yeyote akichukue, akinakili, akigawe, akibadilishe apendavyo, mradi jina lako libaki juu. Mdogo wako alikuuliza kama umerogwa.

"Yaani mtu akichukue, akikate, akitie viraka, na wewe unachekelea tu?"

"Ndiyo raha yake, bwana mdogo. Kikiwa mikononi mwa wote, hakipotei."

Tumeyaweka maneno hayo hapa ili uyatazame vizuri.

Mwanafunzi wa kwanza asiyeona alipojiandikisha katika darasa lako, wenzako walicheka ofisini mpaka chai ikamwagika. "Kipofu na mabomba, wapi na wapi?" Ukawajibu: "Bomba hushikwa. Macho ni ya kumwangalia mwenye nyumba asikukimbie kabla hajakulipa." Ukaanza kukisoma kitabu chote kwa sauti na kujirekodi, ukieleza kila mchoro polepole, kama mtu anayemshika mgeni mkono gizani: hapa kushoto kwako kuna koki, chini yake kuna kiungo cha kona, usikivute, kizungushe. Watu wa vyuo vya mbali walikuandikia kukushukuru. Wengine walikuita baba. Hatukatai, ulikuwa mwema. Ulikuwa mwema hasa kwa watu usiowajua.

Maana mama yako naye macho yake yalikuwa yamekwisha, na alikuwa chumba cha pili. Yeye hakuelezewa mchoro wowote. Aliuliza ukuta kama mvua imeanza. Aliuliza mlango kama taa imewashwa.

Ulirekodia jikoni kwa sababu ndiko kwenye meza kubwa. Ndiyo maana somo la sita, la kubadilisha mpira wa koki inayovuja, linasikika pamoja na bomba letu wenyewe likidondoka nyuma yako, ti, ti, ti, fundi akiwa ameligeuzia mgongo. Katikati ya somo hilo mama yako anaita kutoka chumbani, "Mwanangu, uko wapi?" Nawe unajibu, "Nipo hapa, Mama. Nakuja sasa hivi." Halafu unarudi kwenye mpira wa koki. Mkeo alikushauri ukitoe kipande hicho. Ulikataa. Ulisema acha, wanafunzi wajue kwamba hata fundi ana mama.

Hospitalini, siku zako za mwisho, ulimuuliza muuguzi kama vitabu walivyosomea vilikuwa na maelezo ya michoro kwa wasioona. Habari zetu hukuuliza. Tulikuwa wazima, asante.

Tulipokwisha kukuzika, mama yako alitaka kitu kimoja tu. Hakutaka koti lako wala picha yako, ya nini kwake? Alitaka awekewe somo la sita kwenye spika ndogo kando ya kitanda, kila asubuhi. Akifika pale anapoita, anainua kidevu. Akisikia "Nipo hapa, Mama", anakishusha, ndipo anakubali kuvaa. Nyumba nzima tumehitimu kubadilisha mpira wa koki. Hakuna aliyeubadilisha.

Mdogo wako, ambaye kwa maoni yake anajua kompyuta, ndiye aliyetuletea balaa. Alichomoa kadi ya spika ile ili apate pa kuhifadhi video yake akisoma wasifu wako makaburini. Kadi ilikuwa imejaa. Akaifuta yote. Kwenye video analia vizuri sana, lazima tukubali, na mara mbili anaangalia kamera. Kompyuta yako nayo ilikuwa mali ya chuo. Walikuwa wameshampa mwalimu mpya, ambaye aliisafisha kabla hata ya kukalia kiti chako.

"Shemeji, presha ya nini?" mdogo wako alimwambia mkeo. "Si aliigawa bure dunia nzima? Tunapakua tu, tunamrudishia Mama uhai."

Tukapakua. Masomo yote yalikuwepo, jina lako juu kabisa, kama ulivyotaka. Ila chuo kilikuwa kimeiondoa rekodi yako na kuweka iliyoboreshwa na kijana mmoja asiyeona wa chuo kingine. Somo la sita lilikuwa limepungua. Mkeo akampigia simu.

"Shikamoo, mama," kijana alisema, na furaha ilimzidi alipojua ni nani. "Mimi nimehitimu kwa sauti ya Mwalimu! Nimemtengeneza, anasikika kama yuko studio. Nimeondoa kelele zote."

"Kelele gani, mwanangu?"

"Kuna bomba lilikuwa linavuja. Halafu kulikuwa na mama mmoja anapiga kelele ndani."

Mkeo alikaa chini. "Ile ya zamani unayo?"

"Hapana, mama. Niliifuta na nikawaambia wenzangu wote waifute, ili watu wasichanganyikiwe." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nimekosea? Leseni ilisema ruksa."

"Hujakosea, baba. Ilisema ruksa."

Hakuna wa kumlaumu, Mwalimu. Kijana alifuata masharti yako neno kwa neno. Uliwapa watu wote ruhusa ya kutuondoa, na mtu mmoja mwenye adabu akaitumia.

Tulidhani mama yako hatagundua. Tulidhani hivyo kwa kuwa sisi ni familia yako, na kutogundua ni kipaji chetu. Asubuhi ile somo lilikuja safi kama maji ya chupa. Akasikiliza akitabasamu. Alipofika pale, akainua kidevu. Sauti yako ikasema, "Legeza nati, kisha toa mpira wa zamani," ikapita moja kwa moja.

"Rudisheni," akasema.

Tukarudisha.

"Rudisheni tena."

Kidevu kikabaki juu. Nguo alizikataa. Mdogo wako akakumbuka kwamba kuna mtu anamsubiri mahali.

Siku ya tatu ya kukataa nguo, kitindamimba wako aliamua imetosha. Unamkumbuka: yule msichana aliyerudishwa kutoka bwenini kwa kumwigiza mkuu wa shule kwenye kipaza sauti na kuwapa wanafunzi wote mapumziko. Ulimwambia sauti yake itamfikisha pabaya. Ilimfikisha jikoni. Akasimama kando ya bomba, akasubiri spika ifike pale pale, akakohoa kikohozi chako, akasema kwa sauti yako kabisa, "Nipo hapa, Mama. Nakuja sasa hivi."

Nyuma yake bomba likaendelea, ti, ti, ti.

Kidevu kikashuka. Kisha mama yako akacheka, akacheka hadi akashika kitanda.

"Umempatia, mshenzi wewe," akasema. "Sasa kaa huko huko, usije ukaharibu. Yeye naye hakuwa anakuja."

Akaomba nguo zake.

Ndivyo tunavyofanya kila asubuhi mpaka leo. Spika inasoma, bomba linadondoka, mtoto anaahidi, hakuna anayekwenda. Ni kama uko hai.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, anayesikiliza. Mkeo, aliyeacha kukuita Mwalimu na bado hajapata jina jingine. Mdogo wako, ambaye video yake hakuna anayeiomba. Wanao wote, na kitindamimba wako kwa zamu ya asubuhi. Pamoja na wanafunzi wa vyuo tusivyovijua, wanaokujua kuliko sisi.

Anayetaka kulinakili tangazo hili ruksa, na aligawe bure. Kupunguza kelele ni marufuku.

Hatutakusahau kamwe, Mwalimu. Nasi tunakuja. Ila si sasa hivi.