Shangazi Alisema ni Jino

Jumapili, 9 Juni 2024

Baridi ya hapa kwetu Kasense imeingia hadi kwenye meno – nayo si yangu, nimetengenezewa. Miaka themanini na sita. Daktari amesema moyo umechoka, nisipange mambo ya Krismasi. Haya.

Padri amekuja kuniungamisha. Nimeungama hasira, uvivu, na pombe ya ulezi ya mwaka 1968. Karibu asinzie. Dhambi yenyewe nimeiruka kama mtoto arukavyo dimbwi.

Kitukuu changu Adela, miaka minane, ameamka shavu limevimba. Mama yake, mjukuu wangu Monika, amempaka masizi ya chungu. "Matubwitubwi hayo, babu. Si wewe uliyetufundisha?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mpumbavu!

Jumatatu, 10 Juni

Adela hali. Homa. Uvimbe uko upande mmoja tu, chini kwenye taya, wala si karibu na sikio. Nimechungulia mdomoni kwa tochi ya simu. Gego la chini lina tundu jeusi, ufizi umetutumka, na harufu! Harufu hiyo naijua. Niliinusa mwaka 1979, darasa la tatu, dawati la mbele.

Mtoto aliitwa Shigela. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa sayansi, na shule nzima mimi peke yangu nilikuwa na kitabu chenye picha ya mgonjwa wa matubwitubwi. Nikaandika kwenye daftari la mahudhurio: "Matubwitubwi. Asirudi mpaka uvimbe ushuke." Shangazi yake, Bertilla, akaja shuleni akasema ni jino. Nikamuuliza, mbele ya darasa, yeye kasoma mpaka la ngapi. Darasa likacheka. Na mimi nikacheka – nilikuwa na meno mazuri wakati ule.

Miezi mitatu baadaye usaha ulitoboa ngozi chini ya kidevu, vikatoka vipande vya mfupa. Watu wakaulizana: Bertilla alijuaje? Wakajijibu wenyewe. Mchawi! Akahamia Wampembe, kule ziwani, akafia huko.

Wiki moja kabla Bertilla hajaondoka nilipata barua ya daktari aliyemtibu mtoto. "Hayakuwa matubwitubwi. Jino lilioza, maambukizi yakaingia kwenye mfupa wa taya." Nikaisoma, nikaikunja. Ninayo hadi leo, ndani ya kitabu cha nyimbo.

Nimemwambia Monika ni jino. "Babu, jana ulisema matubwitubwi." Sikusema, niliitikia tu! Wakili mzima mimi. Amecheka, akaniletea uji.

Jumanne, 11 Juni

Homa imepanda. Monika bado anangoja masizi yafanye kazi. Nimempigia simu Shigela.

Anauza ulezi sokoni siku hizi, mtu mzima, ana wajukuu. Kila Jumapili kanisani ananipa shikamoo kwa taya lake lililopinda. Nusu ya mji inamwita Tubwi. Jina hilo nililitoa mimi, nikijiona mchekeshaji.

Amekuja. Amechuchumaa mbele ya Monika, akainua kidevu chake mwenyewe kwenye mwanga, kovu likaonekana. "Ona, mama. Na mimi nilipakwa masizi."

Monika akambeba Adela. Wakapanda bajaji, hao hospitali. Miaka arobaini ya kufundisha sayansi, nimeshindwa na kovu moja!

Alhamisi, 13 Juni

Jino limeng'olewa, usaha umetolewa, dawa inapita kwenye mshipa. Picha imeonyesha maambukizi yameanza kushika mfupa. Wanamweka wodini waone kama utapona. Daktari anasema wangechelewa wiki moja tu, ingekuwa habari nyingine.

Monika kwenye simu: "Babu, wameuliza nani aligundua ni jino. Nimewaambia babu yangu, mwalimu wa sayansi!"

Nusura nife papo hapo. Kwa sifa.

Ijumaa, 14 Juni

Shigela ameniletea habari: homa imeshuka, Adela ameomba wali. Tukakaa juani nyuma ya nyumba. Nikamwambia – lile daftari la 1979, nilikosea.

Akacheka. "Mwalimu, hilo nalijua tangu nina miaka kumi. Binadamu hukosea."

Nikajiona mtakatifu. Kama dakika mbili hivi.

Kisha akasema, polepole, akipangusa vumbi la ulezi mikononi: "Mimi nataka kujua kimoja tu. Ulijua lini? Kabla shangazi hajaondoka, au baada?"

Nikayatoa meno. Yote, juu na chini! Nikamwonyesha ufizi, nikaashiria kwamba yananiumiza, siwezi kusema. Nikaingia ndani kwa mkongojo, mbio za kobe mtoro.

Sasa naandika. Meno yako kwenye glasi ya maji, yamekenua. Kitabu cha nyimbo kiko kando yake. Nimechungulia dirishani nikidhani ameondoka. Yupo pale pale, mgongo ukutani. Amesema bila kugeuka:

"Yavae tu, Mwalimu. Leo sina haraka."