Mkono wa Kuminywa

Mama,

Shikamoo. Naanza na hiyo kwa sababu ndiyo iliyoniponza utotoni. Nilikuwa napita mbele ya watu wazima kimya, wanakuja kukushtakia, "Mwanao ana dharau huyo!" Ukanichapa. Kumbe nilikuwa siwaoni. Ulipogundua ulilia, halafu ukatunga njia yako: tukitembea unaniminya mkono, mara moja ni mwanamke, mara mbili mwanaume. "Shikamoo mama." "Shikamoo baba." Watu wakasema mtoto kabadilika. Hata nilipopata miwani uliendelea kuniminya, mazoea tu.

Mama, miwani nimeiacha. Mvuke wa samaki ulikuwa unaifunika kila nikikaanga, na Kabula aliivunja mara mbili. Kabula ni mwanangu, alizaliwa baada ya kukuzika, nikampa jina lako. Nilienda Dar nikafanyiwa ile operesheni ya leza. Tulipoisikia redioni ulisema huko ni kuchomwa macho. Ngoja nikwambie ilivyo.

Kwanza walinirudisha. Daktari alisema macho ya anayenyonyesha hayajatulia, vipimo vinadanganya. Nikamwachisha Kabula, nikasubiri miezi tena. Siku yenyewe walinitia matone ya ganzi, hakuna sindano. Wakaweka kidude cha kushikilia kope nisipepese, nikaambiwa nitazame taa moja ndogo. Nikasikia harufu kama nywele zinaungua, halafu giza, sekunde chache. Hapo niliogopa. Nikawaza, nikipofuka sitamwona Kabula akienda shule. Mkono wangu ukawa unakutafuta. Nesi akaushika. Mara wakasema tayari. Kwa muda ule hata viazi viwili nisingekuwa nimemaliza kumenya.

Maumivu yalikuja baadaye, kama mchanga wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, umeingia jichoni. Niliporudi nyumbani shangazi alikuja kuniuguza, ameshika kikombe. Ndani yake maziwa ya kifua ya jirani aliyejifungua, anidondoshee machoni, kama ulivyokuwa unanifanyia utotoni.

"Shangazi, mle kuna kidonda. Haingii kitu zaidi ya dawa ya daktari."

"Haya, mama daktari," akasema, akanuna siku mbili.

Sikusugua. Nililala na vifuniko vya plastiki machoni. Jikoni sikuingia kwa sababu ya moshi, ziwani sikuoga. Kabula alizoea kunipapasa uso. Kumkataza ndiyo ilikuwa ngumu kuliko yote.

Siyo miujiza, mama. Macho yanakauka, bado naweka matone, na taa za magari naziona zina miale. Daktari alisema umri ukienda nitahitaji miwani ya kusomea. Sawa tu.

Jumapili nilikuja Usagara, kaburini kwako. Nilikuwa bado barabarani, sijafika hata kwenye uzio wa minyaa, nikauona msalaba wako, na mbuzi amelala pembeni yake. Nikasema shikamoo palepale kwa sauti. Hakuna aliyeniminya. Nikalia, halafu nikaenda kumfukuza mbuzi.

Sasa kuna jambo. Juzi jirani kaniambia, "Mama Kabula, binti yako ana maringo, anatupita kama miti." Sijamchapa, na nakuahidi sitamchapa kwa hilo. Alhamisi nampeleka kupimwa macho. Yakiwa mabovu ataanza na miwani, mambo ya leza ni ya wakubwa. Mpaka majibu yatoke, tukitembea namminya mkono.

Pumzika, mama. Nitamleta kukusalimia. Tukifika kwenye minyaa nitamminya mara moja.

Mwanao,
Mama Kabula