Jina Lako Kwenye Apeli

Mutoto wetu amechaguliwa, Papa Anselmi! Kati ya watu wote wa barabara, wapiga jembe, wavunja mawe, makarani wenye kalamu masikioni, wamemnyooshea mikono yeye. Amekaa meza moja na wazungu wa Leta, wakubwa wa serikali, kwenye kiti chenye mgongo, na hakuna aliyemwambia asimame. Nilikuwa nje, dirishani, nimemwona kwa macho yangu. Hata mke wa katekista alikuwepo, yule anayefikiri watoto wake njo peke yao waliozaliwa na vichwa. Siku hiyo alinisalimia yeye wa kwanza.

Sasa nikusalimu. Jambo, mume wangu, uwe umelala ao umesimama. Hapa Lushebere maharagwe yamefunga vizuri, na ukungu ni ule ule.

Ulipoondoka, mfanyakazi wa Leta alikuwa na neno moja tu: "Ndiyo, Bwana." Ukichelewa, fimbo. Ukiacha kazi, gereza. Sasa sheria mpya imetoka. Mtoto wetu Anselmi amenisomea mara tatu, nami naijua kama Baba Yetu: wafanyakazi wanachagua mtu wao, mtu huyo anaketi na wakubwa, anasema mambo ya kazi, na hawamfungi kwa sababu amesema. Wengine wanasema ni karatasi tu. Mimi nawajibu, basi semeni nanyi, kama ni rahisi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimaliza kazi? Kila mtu alikuwa na kipande chake cha njia. Jioni, pale mtaro wako ulipofikia, ulifunga fundo la majani kwa mkono wako wa kushoto, limegeuka upande wa nje, si kama la mtu mwingine yeyote. "Kesho jembe itajua fasi ya kuanzia," ulisema. Nilikucheka, lakini nikikuletea chakula nilifuata mafundo yako mpaka nikufikie.

Na ile asubuhi ya homa, unaikumbuka? Nilikushikilia nguo, ulikuwa unatetemeka kama kuku wa mvua. Ukaniambia: "Waite jina yangu kwa apeli, mimi ninyamaze? Sitaweza, mama." Ukaenda. Kila asubuhi majina yalipoitwa, hukukosa kuitika hata siku moja.

Kisha wakawapeleka chini, upande wa Walikale, mahali msitu unapofunga njia. Kilima kilikuwa kimepasuka na kapita, msimamizi wenu, aliona. Akakutuma chini yake hivyo hivyo. Kilima kikashuka. Wengine walikimbia, wewe ukabaki chini ya udongo. Asubuhi yake kapita akaita apeli, jina lako likakosa mtu, na yeye, kwa kuogopa wazungu wasimuulize, akaandika kwenye buku: mtoro. Askari wakaja hapa kukutafuta, wakamwaga hata kikapu cha maharagwe, kana kwamba umejificha ndani. Nilipomfuata kapita alinichekea mbele ya watu: "Bwana yako iko Buleusa, mama. Alipata mwanamuke mungine, iko anakula ndizi tu!" Tangu hapo Anselmi ameitwa mtoto wa mtoro. Shuleni. Kanisani. Mpaka juzi.

Mimi sikuamini kamwe. Mwaka uliofuata mwanamke wa Walikale alikuja kuuza mafuta ya mawese. Akaniambia polepole: "Mama, kule chini iko kipande ya njia, mutaro yake iko safi, na hakuna muntu mwenye kuilima. Na majani imefungwa hivi." Akashika ncha ya kitambaa changu, akafunga. Fundo limegeuka nje.

Kila masika mafundo yamepanda njia, yanakuja huku juu kwetu. Watu wakiyaona wanaogopa, wanaacha njia na kupitia shambani. Mimi ninajivuna, nisikufiche: wanaume wazima walio hai wanaacha mitaro yao ijae matope, na wangu analima. Mwezi uliopita nimekuta fundo kwenye daraja la miti, chini ya shamba letu. Majani yalikuwa mabichi. Nilipoligusa lilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mkononi sasa hivi.

Basi sikia jambo lenyewe. Neno la kwanza alilosema Anselmi mezani lilikuwa jina lako. Alisema, baba yangu hakutoroka, alikufa kwenye kazi ya Leta, aondolewe kwa watoro, aandikwe pamoja na waliokufa kazini. Sauti haikutetemeka! Administratere, yule mkubwa wa wazungu, akamuuliza kapita. Kapita sasa ni mzee, jicho moja limefumba. Akasema kwa upole: "Aitwe kwanza, Bwana. Mbele ya watu, mara tatu. Kama hakuna mwenye kuitika, muandike amekufa." Anselmi akakubali akitabasamu.

Hajui alichokubali. Mimi na kapita tunajua. Mwaka ule wa kilima, siku moja ya ukungu, kapita alilisoma jina lako kwa mzaha, ili watu wacheke. Na nyuma ya mstari, mahali pasipo na mtu, sauti ikasema: "Niko!" Kapita akauliza, "Nani ameitika?" Wakajibu, "Si sisi, Kapita." Buku likamwanguka. Nilimwambia Anselmi haya, akasema, "Mama, ile ni mlima tu, inarudisha sauti." Mlima! Kapita ndiye aliyeita, kwa nini mlima urudishe sauti yako?

Kwa hiyo nakuomba, mume wangu. Njoo. Simama nyuma ya watu, umwone mtoto wako alivyovaa viatu. Lakini wakikuita, nyamaza. Mara ya pili, nyamaza. Mara ya tatu nitakuwa nimeangalia upande wa daraja, uma ulimi. Ukisema "Niko" mara moja tu, kapita atacheka, jina litabaki pale lilipo, na mtoto wetu atarudi nyumbani mtoto wa mtoro.

Wakishaandika, panda mpaka hapa. Nitasimama mlangoni nikuite mwenyewe. Hapo itika.

Ni Jumatatu hii, Masisi, mbele ya nyumba ya Leta, kengele ya misa ya kwanza ikinyamaza. Watu wote wanangojewa.

Mimi mke wako,
Mama Anselmi