Waya Isiyopoteza Umeme

Jumanne, 2001

Eti sina maono. Kasema enjenieri wetu wa shirika la umeme, aliyerudi kutoka Ulaya na picha: viwanda vya huko vimehangaika miaka na miaka mpaka vikatengeneza waya ambayo, ikipozwa kupita barafu, inapitisha umeme bila kuupoteza hata kidogo. Mi nikamuuliza tutaipoza na nini, na umeme hatuna tangu waasi waangushe nguzo.

Maono ninayo. Juzi nilipanda mlimani na askari wawili, risasi zinalia, kufunga nyaya mpya za aluminiamu. Leo hazipo, zimeibwa zote.

Jioni mke wangu ananionyesha sufuria mpya, kazi ya mafundi wa mtaa wa Buyenzi wanaoyeyusha aluminiamu. "Nzito hii, Baba Yusufu."

Kumbe nilihatarisha roho ili maharage yaive. Yameiva vizuri, siwezi kukataa.